Injini tatu za DCC za mtumba: moja inawasha taa tu, moja inasitasita, moja inapiga shoti

Swali. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili hapa Kisumu. Nimenunua sanduku la treni za modeli za mtumba, saizi ya OO, za kuongozwa kwa DCC (mfumo wa kidijitali unaotuma amri kupitia reli): injini tatu, reli, na kontrola iliyotoka Marekani. Adapta yake ni ya volti 120, sikuithubutu, kwa hivyo natumia chaja ya laptopu ya volti 19. Injini ya kwanza, ya dizeli, inawasha taa nikiiamuru lakini haisongi. Ya pili, ya mvuke, inakwenda kwa kusitasita, inakwama kwenye pointi (pale reli zinapogawanyika), na inagonga tok-tok. Ya tatu ni dizeli ya zamani. Nikiiweka tu relini kontrola inajizima. Fundi wa simu anasema dikoda zote tatu, vile vibao vidogo vya ndani vinavyopokea amri, zimekufa. Ninunue mpya? Nataka wanafunzi wazione zikikimbia siku ya maonyesho.

Jibu. Mwalimu, weka pesa za dikoda kando kwanza. Dikoda ya injini ya kwanza iko hai, kwa sababu taa inayotii amri yako ni ushahidi kwamba kuna kitu ndani kinachosikia. Ya pili inasumbuliwa na uchafu na gia. Ni ya tatu tu ambayo dikoda yake huenda imeungua, na hata hiyo ukiibadilisha leo bila kutafuta kilichoiunguza, mpya itaungua vivyo hivyo. Fundi wako amezoea simu, ambayo ikikosa kuitika basi ubao una shida. Injini ya DCC ya mtumba huja na maagizo ya mwenyewe wa zamani yakiwa yamehifadhiwa ndani yake, na mara nyingi inakataa kukutii kwa sababu bado inamtii yeye.

Tuanze na umeme. Ulifanya vyema kutochomeka adapta ya volti 120 kwenye soketi yetu ya 240, ingetoa moshi. Lakini volti 19 nazo ni nyingi. Kontrola nyingi ndogo hazipunguzi kitu: kinachoingia ndicho kinachofika relini, pungufu ya volti moja hivi. Treni za OO, na za HO ambayo ni saizi inayokaribiana nayo, zinataka volti 14 au 15 relini. Kwenye 18 dikoda inaweza kuvumilia, lakini inachemka zaidi, na vile vibalbu vya volti 12 vilivyo nyuma ya kioo vinaungua mapema na kuyeyusha plastiki iliyo karibu. Pindua kontrola usome kibandiko cha chini. Kama inakubali DC, tafuta adapta ya volti 15, ampea 3 au zaidi. Chaja kuukuu za laptopu za volti 15 na 16 bado zinapatikana kwa wauza vifaa vilivyotumika. Hakikisha chanya na hasi za plagi zinalingana na mchoro wa kibandiko. Kama imeandikwa AC peke yake, rudia adapta yake ya asili ukitumia transfoma ya kushusha 240 hadi 110.

Kabla hujaweka injini yoyote relini tena, tengeneza kinga. Nunua balbu ya gari ya volti 12, wati 5, ile ya taa ndogo za pembeni au ya kumulika namba. Kata waya mmoja unaotoka kontrola kwenda relini, kisha uunganishe balbu hiyo katikati ya mkato. Injini nzima inayovuta umeme kidogo itaiacha balbu ikiwa giza au ikiwaka wekundu hafifu. Injini yenye shoti itaifanya iwake kwa ukali, na hapo umeme unaopita hauzidi nusu ampea sana. Nusu ampea haiyeyushi waya wala haichomi njia za shaba za ubao, ilhali ampea 3 au 5 za kontrola hufanya hivyo kwa sekunde chache, kabla haijajizima. Injini yenye spika ya sauti huenda ikashindwa kuamka nyuma ya balbu ya wati 5. Kwa injini ya aina hiyo tumia ya wati 21, ile ya indiketa. Balbu ni ya kupimia tu. Ukimaliza, iondoe.

Sasa injini ya kwanza, inayowasha taa bila kusonga. Iweke peke yake kwenye reli ya kuprogramu, ile inayoungwa kwenye matundu ya kontrola yaliyotengwa kwa kazi hiyo, na uiambie kontrola isome CV 8. CV ni vyumba vya kumbukumbu vya dikoda, kila kimoja na namba yake, ambamo maagizo yanahifadhiwa. Itazame kwa makini wakati huo. Dikoda haina mdomo wa kujibu. Inajibu kwa kuvuta umeme wa ghafla wa milliampea 60 au zaidi kwa muda wa millisekunde 6 hivi, na katika dikoda nyingi umeme huo unapitishwa kwenye mota. Kwa hiyo injini inashtuka, kama mtu aliyeguswa bega usingizini. Ukiona mishtuko hiyo na namba ikatokea kwenye kioo, umepata majibu mawili kwa mpigo: dikoda inafanya kazi, na njia kutoka dikoda hadi mota haijakatika. Shida basi iko kwenye maagizo.

CV 8 inakuambia dikoda ni ya nani: 99 ni Lenz, 145 ni Zimo, 151 ni ESU, 129 ni Digitrax, 11 ni NCE, 153 ni TCS, 48 ni Hornby, 101 ni Bachmann. Andika namba hiyo kwenye daftari. Kisha soma CV 1, 3, 4, 5, 19 na 29, uziandike zote kabla hujabadilisha hata moja. Watu wengi wanaruka hatua hii kisha wanajuta, kwa sababu thamani ya zamani ikishafutwa hairudi.

Ninaishuku CV 19 kuliko zote. Humo ndimo anwani (namba ya kuitwa) ya msafara inapokaa, yaani pale mwenyewe wa zamani alipofunga injini mbili zivute mabehewa pamoja. CV 19 ikiwa na namba yoyote isiyo sufuri, dikoda inapuuza amri za mwendo zinazotumwa kwa anwani yake yenyewe na kusubiri zile za msafara. Taa inaendelea kutii kama kawaida. Ndivyo ulivyoeleza hasa. Andika 0 kwenye CV 19, irudishe kwenye reli kuu, ujaribu tena.

Ikiwa CV 19 tayari ni sufuri, tazama CV 3. Hiyo ni kasi ya kuchanganya: thamani yake ukizidisha kwa 0.896 unapata sekunde za kutoka kusimama hadi mwendo wa juu. Mwenyewe aliyependa treni nzito iliyojaa shehena huenda aliweka 60, yaani karibu sekunde 54. Mtu asiyejua anafungua mwendo kidogo, anangoja sekunde tano, anafunga, anasema imekufa. Weka 3 au 4 kwa sasa. Kwenye CV 29 utakuta kwa kawaida 6, ambayo ni 2 ya hatua 28 na 128 za mwendo, ukijumlisha 4 ya kukubali umeme wa kawaida wa DC. Nashauri uiweke 2. Ile 4 ndiyo inayofanya injini ichomoke kwa mwendo wa juu ghafla baada ya shoti au reli chafu, dikoda ikidhani imewekwa kwenye reli ya DC. Na kama siku moja utaona taa ikiwaka na kuzimika kila unapopandisha mwendo hatua moja, dikoda imebaki kwenye hatua 14 huku kontrola ikituma 28. Iongezee CV 29 ile 2.

Unaweza kufuta kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kwa ESU, Zimo na Digitrax unaandika 8 kwenye CV 8. Kwa NCE na TCS unaandika 2 kwenye CV 30. Baada ya hapo anwani inarudi 3. Dikoda ikikataa kabisa kuandikwa ilhali inasomeka, huenda imefungwa: CV 15 na CV 16 lazima zilingane ndipo ikubali. Jaribu kuandika 1 kwenye CV 15, kisha 2, kisha 3, na kila mara ujaribu kubadilisha CV nyingine uone.

Na kama haisomeki wala haishtuki? Hapo ndipo unapofungua bodi, yaani ganda la nje la injini. Fuata waya wa rangi ya chungwa na wa kijivu. Hiyo miwili ndiyo ya mota. Mmoja ukiwa umenyofoka, utauona ukining'inia, mara nyingi pale ulipolehemiwa kwenye kilimi cha mota. Ikiwa yote imeshika, chomoa dikoda na uguse vilimi vya mota kwa betri ya volti 9 ya mraba. Betri ya gari usiiguse kwa kazi hii. Haina kikomo cha ampea, itageuza waya mwembamba kuwa moto. Mota ikivuma bila kuzunguka, fungua sanduku la gia. Grisi iliyokaa miaka kumi au ishirini inageuka kahawia na kunata kama nta ya nyuki, na mota ndogo haiishindi. Ikwangue kwa kijiti cha meno, safisha mabaki kwa alkoholi ya isopropili na pamba za masikio, acha ikauke, kisha weka grisi mpya isiyodhuru plastiki, kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa gia zote pamoja.

Injini ya pili, ya mvuke, ina mambo mawili tofauti, nawe uyatenge. Kusitasita na kukwama kwenye pointi ni umeme usiofika. Tok-tok ni chuma au plastiki inayogongana.

Kwenye DC ya zamani kiuchafu kidogo kilipunguza mwendo tu. Kwenye DCC kinakata mawasiliano: dikoda inapoteza umeme, inajizima, inaamka tena, na wewe unaona mshtuko. Kwa hiyo usafi wa magurudumu una uzito kuliko kitu kingine chochote. Kata sponji ya godoro umbo la kitanda, laza injini miguu juu, na utazame magurudumu kwa tochi. Utaona mkanda mweusi unaozunguka pale gurudumu linapogusa reli. Ni mchanganyiko wa vumbi, mafuta na oksidi. Usiusugue kwa msasa. Msasa unaacha mikwaruzo ambayo inakusanya uchafu mara mbili zaidi. Tandaza tishu nzito ya jikoni juu ya reli, ilowanishe kwa isopropili, weka magurudumu ya mbele juu ya tishu na ya nyuma relini, shika injini kwa mkono na uyaache magurudumu yazunguke kwa mwendo mdogo. Inaacha mistari miwili myeusi kama ya penseli. Sogeza tishu mahali pakavu, rudia mpaka mistari isionekane, kisha ugeuze upande. Injini ya mvuke ina magurudumu mengine ya umeme kwenye tenda pia, lile behewa la makaa na maji nyuma yake, usiyasahau.

Kisha pima vijiti vya kupokea umeme, zile nyaya nyembamba za shaba zinazogusa migongo ya magurudumu. Toa umeme, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye waya mwekundu wa dikoda, nyingine uipitishe gurudumu kwa gurudumu upande wa kulia. Kila moja lisome chini ya omu moja au mbili, na lisome hivyo hivyo ukilizungusha. Upande wa kushoto ni waya mweusi. Gurudumu lisilosoma, kijiti chake kimepinda au kimezibwa na ukungu wa grisi. Safisha, kisha ukipinde kidogo sana kuelekea gurudumu, unene wa unywele tu. Ukikaza mno, kinageuka breki na mota inavuta umeme zaidi. Gurudumu lenye mpira wa kushika reli halipokei umeme, kwa hiyo usilihesabu. Mpira huo ukiwa umekauka au umepasuka, agiza wa saizi ile ile kwa namba ya modeli. Mpira wa kufungia noti ni mnene mno, utainua gurudumu na kuharibu mgusano wa mengine.

Injini fupi ya magurudumu sita inaweza kuendelea kukwama kwenye pointi hata ikiwa safi, kwa sababu moyo wa pointi nyingi, pale reli mbili zinapokatana, ni plastiki. Dawa yake ni kapasita ya akiba: mikrofaradi 470 hadi 1000, volti 25 na si chini, iungwe kati ya waya wa buluu na sehemu ya hasi ya dikoda. Kwenye njia ya buluu weka rezista ya omu 100 sambamba na dayodi 1N4007, mstari wa dayodi ukitazama buluu. Kapasita inajaa polepole kupitia rezista na kumwaga haraka kupitia dayodi. Si kila dikoda ina mahali pa hasi palipoandaliwa. Tafuta mchoro wake kwa jina ulilopata CV 8. Kapasita kubwa inaweza kuvuruga usomaji kwenye reli ya kuprogramu, kwa hiyo maliza mambo ya CV kwanza.

Sasa tok-tok. Ihesabu. Ikigonga mara moja kila gurudumu linapozunguka, shida iko kwenye gia ya ekseli. Ikigonga haraka haraka kufuata mota, ni gia ya skrubu au mota yenyewe. Ukigundua ni ya ekseli, toa kifuniko cha chini na uzungushe gia meno kwa meno chini ya kioo cha kukuzia. Gia za plastiki zinanywea juu ya ekseli ya chuma kadiri miaka inavyopita, mpaka zinapasuka. Utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele kwenye bonde kati ya meno mawili, na bonde hilo ni pana kuliko mengine; gia ya pili ikifika hapo haiingii, inapanda na kushuka. Huo ndio mlio wako. Gundi haisaidii, plastiki hii haishikiki kwa gundi, na hata ikishika bonde linabaki pana. Agiza gia mpya au ekseli nzima. Kabla ya hapo hakikisha si kitu kidogo: kokoto ya balasti au uzi wa zulia uliokwama kati ya meno hutoa mlio ule ule.

Ikiwa gia ni nzima, fungua skrubu za vyuma vya pembeni vinavyounganisha magurudumu na uisukume injini kwa kidole. Ikiteleza vizuri bila vyuma hivyo, basi gurudumu moja limezunguka kwenye ekseli yake na kupoteza pembe. Gurudumu la kulia na la kushoto hukaa kwa tofauti ya nyuzi 90, na ekseli zote lazima zilingane. Ukitoa gurudumu kwenye ekseli bila kifaa cha kulinganisha, utapata kazi ya siku mbili. Usilitoe kama hulazimiki.

Injini ya tatu ndiyo ya kuwa nayo mwangalifu. Usiirudishe relini, hata nyuma ya balbu, mpaka mita iseme. Toa bodi. Kwanza tazama fremu: kama chuma kimevimba, kimepinda na kina nyufa zinazosambaa kama tope la ziwa lililokaushwa na jua, ni ugonjwa wa aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi wakati wa kuyeyushwa. Hauna tiba. Mota na magurudumu vinaweza kuokolewa kama vipuri, fremu hapana.

Fremu ikiwa nzima, chomoa dikoda. Kama imelehemiwa moja kwa moja, ondoa nyaya nne: nyekundu, nyeusi, chungwa, kijivu. Pima omu kati ya magurudumu ya kulia na ya kushoto. Mota haijaunganishwa, kwa hiyo mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha karibu sufuri, shoti iko kwenye mashine, na dikoda haina hatia kwa hilo. Toa bogi (fremu ndogo za magurudumu) moja baada ya nyingine ukipima kila mara. Shoti itakapopotea, umeshika mwizi. Chunguza hapo ekseli iliyorudishwa kinyume. Katika injini za zamani gurudumu moja tu la kila ekseli limetenganishwa kwa plastiki, na mtu akisafisha na kurudisha ekseli kichwa chini, reli mbili zinakutana kupitia chuma. Chunguza pia waya uliobanwa chini ya skrubu ya bodi, na kijiti cha umeme kilichopinda kikagusa fremu. Pima umbali kati ya migongo ya magurudumu. Kwa OO uwe karibu milimita 14.5. Ukipungua sana, gurudumu linagusa reli ya pili kwenye pointi na kupiga shoti hapo tu.

Sasa jambo ninalolishuku zaidi kwa dizeli ya zamani. Mota za Ringfield za Hornby, na zile za Lima zinazofanana nazo, zilitengenezwa kwa DC, na moja ya brashi zake, vile vipande vya kaboni vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka, inapata umeme kupitia mwili wa chuma wenyewe. Kwa DC haikuwa na neno. Kwa DCC ni hukumu: umeme wa reli unaingia moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea wa dikoda. Mtu akiweka dikoda bila kutenganisha brashi hiyo, inaungua. Weka ncha moja ya mita kwenye fremu, nyingine kwenye brashi ya kwanza, kisha ya pili. Zote zisionyeshe njia. Moja ikionyesha, tafuta kilimi cha shaba kinachoigusa fremu ukikate, na kama kuna skrubu ya chuma inayopita hapo weka ya nailoni. Pima tena. Kisha ndipo waya wa chungwa unalehemiwa kwenye brashi moja na wa kijivu kwenye nyingine. Ukikuta kapasita ndogo ya duara imeunganishwa kati ya brashi mbili, iondoe. Iliwekwa kuzuia kelele za redio, na inavuruga dikoda inapopima mwendo wa mota.

Ungali hapo, pima omu za mota yenyewe, brashi kwa brashi, ukizungusha rota kidogo kidogo. Namba zifanane kila pembe. Gawa 14 kwa omu ulizopata: hizo ni ampea mota itakazovuta ikikwama. Omu 14 ni ampea 1, kiwango cha dikoda nyingi za kawaida. Omu 7 ni ampea 2, na dikoda ndogo haitavumilia hiyo kwa muda mrefu. Mara nyingi omu za chini husababishwa na unga wa kaboni uliojaza mifereji ya komutata, ile sehemu ya shaba inayozunguka ikisuguana na brashi. Uchokoe kwa kijiti cha meno, si kwa sindano, pangusa kwa isopropili, upime tena. Utashangaa namba inavyopanda. Brashi zilizobaki fupi, au springi zilizolegea kwa joto, badilisha.

Dikoda uliyochomoa nayo ipimwe peke yake kabla ya kuitupa. Itazame na kuinusa: chipu iliyotunga kipovu, au harufu ya plastiki iliyoungua, imemaliza kazi. Ikionekana safi, weka mita kwenye alama ya dayodi kati ya waya mwekundu na mweusi, kisha ubadilishe ncha. Karibu sufuri pande zote mbili ina maana lango la kuingilia limeungua. Ikipita hapo, unganisha rezista ya omu 100, wati 5, kati ya chungwa na kijivu iwe badala ya mota. Sambamba nayo weka LED mbili zinazopingana, zote nyuma ya rezista moja ya kilo-omu 1. Nyekundu na nyeusi ziende reli ya kuprogramu. Ikisomeka, ihamishie reli kuu nyuma ya balbu: LED moja iwake ukienda mbele, nyingine ukirudi nyuma, na mwanga uongezeke kwa mwendo. Hilo ni somo zuri la kidato cha tatu, uliweke mezani siku ya maonyesho. Rezista hiyo inachemka, mtu asiiguse.

Dikoda yenye mlango mmoja wa taa ulioungua bado inafaa. Hamisha taa ya mbele kutoka waya mweupe hadi wa kijani, kisha kwenye dikoda nyingi ukiandika 4 kwenye CV 33 taa inatii kitufe kile kile cha taa, F0. Na ukiweka dikoda ya plagi ya pini 8 kisha injini ikaenda kinyume bila taa, umeiingiza kichwa chini. Igeuze, kwa kawaida haijaumia.

Wakati wa kufunga, usiizungushie dikoda tepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Kwa joto la Kisumu gundi yake inayeyuka na kuwa uji. Mwombe fundi wako wa simu kipande cha ile tepu ya rangi ya kaharabu anayotumia kukinga vipuri wakati wa kulehemu. Hiyo inastahimili joto na haipitishi umeme. Acha nafasi ya hewa juu ya chipu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi ya chuma linatosha, lipelekwe kwa ncha ya sindano, lisifike kwenye komutata wala plastiki. Mafuta ya kupulizia ya kufungulia nati yanaacha utando unaokusanya vumbi, yasikaribie treni.

Unyevu wa ziwa nao una kazi yake. Reli za chuma zitapata kutu kwa wiki chache, za shaba zitafifia na kukataza umeme; kama sanduku lina mchanganyiko, tumia zile za rangi ya fedha iliyopauka, nikeli na shaba, kwa njia utakayoonyesha. Hifadhi injini kwenye boksi la plastiki linalofunga pamoja na vile vifuko vya chembe vinavyokuja na viatu vipya.

Zikishatengemaa zote, kimbiza kila moja nusu saa mbele na nusu saa nyuma, mwendo wa kati, bila mabehewa, ukiigusa mota baada ya kila dakika kumi. Vuguvugu ni sawa. Ikikushinda kushika, rudi kwenye gia. Kisha zipe anwani tofauti, zisiitike zote kwa 3. Wanafunzi wako wangefurahi injini ya mvuke ikiitwa 5918, namba ya Mount Gelai, lile Garratt (injini kubwa ya mvuke) la daraja la 59 lililoko Makumbusho ya Reli Nairobi. Kontrola yako ikishindwa kuandika anwani ndefu yenyewe, gawa 5918 kwa 256: unapata 23 na kubaki 30. Ongeza 192 kwenye 23. Andika 215 kwenye CV 17, kisha 30 kwenye CV 18, kisha 34 kwenye CV 29, ambayo ni 32 ya anwani ndefu na ile 2 ya hatua za mwendo. Nakili namba hizi, pamoja na CV 8 na tarehe uliyoweka mafuta, kwenye karatasi ndogo na uibandike ndani ya kifuniko cha boksi la injini.